Hakuna Mvua, Hakuna Homa

Jua lilikuwa linazama, na Karani wa Mvua alikuwa anakwenda kupima kitu ambacho alijua fika kwamba hakipo.

Ndiyo ilikuwa kazi yake kila jioni. Alifungua lango la ua wa Ofisi ya Afya, akapita kando ya mapipa ya chokaa, akaufikia mkebe wa shaba uliosimikwa katikati ya nyasi kavu. Akapiga goti. Akaitoa chupa iliyokuwa ndani ya mkebe, akainyanyua usawa wa macho. Kavu. Tangu kiangazi kianze, chupa ile ilikuwa imekinga vumbi, mbu mfu, na siku moja kinyesi cha ndege, ambacho Karani hakukipima.

Watu wa mtaa wa bondeni walimtania. "Bwana Mvua, leo umetukingia ngapi?" Wengine hawakuwa na utani. Walisema mkebe ule ndio ulioifunga mvua. Walisema mkoloni ameona kodi ya kichwa haitoshi, sasa anatoza mawingu.

Karani aliirudisha chupa mkebeni. Aliingia ofisini, mahali paliponuka dawa ya kuulia wadudu na karatasi za zamani, akasimama mbele ya ubao mkubwa ukutani. Ubao ule ulikuwa umejaa misumari, na juu ya misumari zilipita nyuzi mbili. Uzi wa bluu ulikuwa wa mvua. Uzi mwekundu ulikuwa wa watu waliokufa kwa homa. Daktari wa serikali, mzungu mwembamba aliyetembea kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu, alikuwa amegundua kwamba nyuzi hizo hupanda pamoja na kushuka pamoja. Homa huletwa na mvua, basi. Akaandika hivyo makao makuu, makao makuu wakamsifu, wakamwahidi nishani. Tangu siku hiyo, kila aliyekuja kulia kwamba amefiwa wakati wa ukavu alipewa jibu moja, kwa Kiswahili cha kukatakata:

"Hakuna mvua, hakuna homa."

Mji haukukawia kumpa jina. Wakamwita Bwana Hakuna.

Lakini kiangazi hicho watu walikufa. Visima vya bondeni vilikauka, mtaa mzima ukawa unakinga maji kwenye tangi moja la serikali, maji yenye rangi ya chai, na homa ikapita nyumba kwa nyumba. Uzi mwekundu ulipotaka kupanda, Bwana Hakuna aliamuru ushushwe. Aliyekufa akanyimwa cheti cha kuzikiwa. Asiye na cheti hakupokelewa makaburini. Alifukiwa korongoni, juujuu, kama mtu anavyoficha kitu atakachokirudia.

Mke wa Karani alifukiwa huko. Na mkono ulioushusha uzi mwekundu siku hiyo ulikuwa wa Karani mwenyewe. Bendera hufuata upepo. Alifunga fundo vizuri, akaaga, akaenda nyumbani kulia. Alijichukia kwa fundo lile kuliko kwa jambo lingine lolote maishani mwake.

Jioni hii aliuacha uzi wa bluu palepale ulipokuwa, akafunga ofisi.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali, nyumba ya serikali, iliyosimama peke yake ukingoni mwa mtaa uliokuwa wa nyumba za miti na nyasi tupu. Alipokaribia alimwona dada yake nje, amejikumbatia mikono. Dada huyu ndiye aliyehamia pale kumlea mtoto baada ya msiba, na nyumbani wote walimwita Shangazi.

"Mbona uko nje? Mtoto yuko na nani?"

"Nong'ona, kaka."

"Kuna nini?"

"Wifi yangu yumo ndani."

Karani alimtazama. Dada yake hakuwa mtu wa mizaha ya namna hiyo.

"Wifi yako tulimzika."

"Najua tulimzika. Mimi ndiye niliyemshika miguu tukimshusha. Ingia ukamwone."

Aliingia.

Harufu ndiyo ilimpokea kwanza. Udongo... udongo mbichi uliochimbuliwa sasa hivi, wakati nje hapakuwa na udongo mbichi popote. Kisha sauti. Sssh... sssh... Kitu kikavu kikipita juu ya kitu laini.

Binti yake alikuwa amelala kitandani. Mtoto huyu walimwita Chiriku, kwa sababu aliongea tangu alfajiri hadi usingizini, akaongea na watu, na mbuzi, na hata sufuria. Ukingoni mwa kitanda, mgongo ukiwa mlangoni, alikaa mwanamke aliyejifunika shuka nyeupe. Shuka hiyo Karani aliijua. Mkono wa mwanamke ulikuwa ukipita juu ya paji la uso la mtoto, taratibu, taratibu.

Sssh...

"Imenyesha?" aliuliza mwanamke bila kugeuka.

Sauti ilikuwa yake. Haikuwa nzito, haikutoka pangoni. Ilikuwa ya mkewe kabisa.

"Ha... haijanyesha."

"Basi bado sijafa."

Alisema hivyo kama mtu aliyeambiwa chakula hakijaiva. Giza lilipotanda sawasawa, kitanda kililia kidogo kwa uzito ulioondoka, na ukingoni hapakuwa na mtu.

Karani aligusa paji la uso la mwanawe. Mahali ule mkono ulipopita palikuwa na baridi. Baridi hiyo haikutoka mpaka jua la mchana lilipopanda, na Chiriku alipoamka alisema jambo moja tu: "Baba, mikono ya mama ina mchanga."

Alikuja tena kesho yake. Na kesho kutwa. Kila jioni, mara tu jua lilipogusa mapaa, harufu ya udongo iliingia kwanza, naye akafuata. Waliufunga mlango kwa komeo, wakamkuta ndani. Walimhamishia mtoto chumba cha Shangazi, wakamkuta huko. Hakuwa na hasira. Alikaa, akapapasa, akauliza swali lake, akapewa jibu lake.

Na Chiriku akawa ananyamaza. Maneno yalipungua siku hadi siku. Baridi ilitoka kwenye paji la uso ikashuka shingoni, ikaingia kifuani. Ulipofika wakati ambapo mtoto yule alitazama dari kutwa nzima bila kuuliza hata dari ni nini, Shangazi alimvuta kaka yake jikoni.

"Mama hawezi kumdhuru mwanawe kwa kusudi," alinong'ona. "Ila wewe huoni? Anamchota kidogo kidogo. Ukikaa kungoja mvua ya Mungu, utakwenda korongoni mara ya pili."

Karani alimwendea mchimba makaburi, mzee aliyeitwa Sepetu kwa sababu hakuonekana bila chombo hicho begani. Alimkuta amekaa kwenye lango la makaburi, anatazama upande wa korongo.

"Kwako naye anakuja?" Sepetu alimwahi.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna wa kuniambia. Wanakuja kila nyumba ya bondeni. Watu wanaficha tu, wanaona haya. Yule fundi viatu, mama yake anarudi anakaa mlangoni. Mjane wa pale pembeni, anarudiwa na mapacha." Mzee alitema mate pembeni. "Mtu ukimnyima kufa, afanye nini? Atarudi kwake. Wewe ungefanyaje?"

"Dawa yake?"

"Mimi mganga? Mimi nachimba. Ninachojua, wenye vyeti nimewazika hapa miaka yote, hajaamka hata mmoja. Wa korongoni ndio hawalali. Kapate vyeti."

Kesho yake Karani alisimama mbele ya meza ya Bwana Hakuna, kofia mkononi, akaomba cheti cha mkewe. Hakutaja kinachokuja jioni. Nani angemweleza mzungu habari hizo akabaki na kazi?

"Mke wako kufa kwa uchovu," alisema Bwana Hakuna.

"Alikufa kwa homa, bwana. Nilikuwepo."

"Wewe tazama ukuta." Kidole kilielekea kwenye ubao, penye uzi wa bluu uliolala chini kabisa. "Hakuna mvua..."

Hakumaliza. Hakuwa na haja.

Jioni hiyo Karani alifungua lango la ua kama kawaida. Akapita mapipa ya chokaa. Mkononi alikuwa na kopo la maji ya tangi. Alipiga goti kwenye nyasi kavu, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaumimina mkebeni mnyesho wote uliokosekana tangu kiangazi kianze.

Kwa mpimaji, hiyo ndiyo dhambi isiyo na toba. Lakini akilini alimwona Chiriku akitazama dari, akamimina mpaka tone la mwisho.

Asubuhi aliripoti mvua kubwa, mvua ya alfajiri, ya kupita. Bwana Hakuna alitoka mbio mpaka uani. Nyasi zilikuwa kavu. Vumbi lilitifuka chini ya viatu vyake. Hakutazama ardhi. Alitazama chupa, akatabasamu, na ilikuwa mara ya kwanza Karani kuyaona meno ya mtu yule.

"Mimi kusema! Sasa homa inakuja!"

Homa ikaruhusiwa kuja. Uzi wa bluu ulipanda, na uzi mwekundu ukapanda nao, wafu wote wa kiangazi wakapandishwa kwa mkupuo. Bwana Hakuna alitia sahihi vyeti kutwa nzima, akipiga mluzi. Cheti cha mke wa Karani kilikuwa miongoni mwao.

Jioni, Karani na dada yake walikaa pande mbili za kitanda, wameshikana mikono juu ya mtoto. Jua likagusa mapaa. Wakanusa...

Hakuna. Moshi wa jikoni tu.

Giza likaingia. Chiriku akageuza kichwa. "Shangazi, kwa nini unanifinya mkono?"

Shangazi alilia kwa sauti. Karani alicheka na kulia kwa pamoja, akamkalisha mwanawe, na mtoto akaanza kuongea, akaongea mpaka usingizi ukambeba. Njiani kesho yake Karani alikutana na Sepetu. "Korongo limenyamaza," mzee alisema. "Sijui umefanya nini, na usiniambie."

Furaha ilidumu mpaka adhuhuri.

Pale ukutani ofisini, pembeni mwa ubao, palikuwa na amri. Homa ya mvua ikithibitika, kila nyumba iliyotoa maiti ichomwe, na kila mtoto wa nyumba hizo apelekwe kambi ya karantini. Karani aliijua amri hiyo. Alikuwa ameibandika mwenyewe. Lakini mtu mwenye mtoto mgonjwa haoni ukuta.

Askari walishuka bondeni na mafuta ya taa. Nyumba za miti na nyasi, katika ukavu ule, hazikuhitaji kubembelezwa. Mtaa ulipiga kelele, kisha ukawa moto, kisha ukawa majivu. Fundi viatu alisimama njiani ameshika kalibu moja ya kushonea kiatu cha mguu wa kushoto. Mjane wa mapacha alikaa chini akakataa kuinuka. Nyumba ya matofali haikuguswa. Mali ya serikali haichomwi.

Mtoto alichukuliwa.

"Ameshapona!" Karani alimshika askari mkono. "Jamani, huyu amepona jana! Mnisikilize!"

"Mama yake alikufa kwa homa," alisema askari. "Cheti kipo. Si ninyi wenyewe mliokileta?"

Chiriku alipakiwa kwenye gari la ng'ombe pamoja na watoto wengine wa bondeni, wengi sana, wamebanana. Alikuwa anaongea bado, anawauliza wenzake majina ya ng'ombe. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye kona.

Kambi ilikuwa kilimani, nyuma ya seng'enge. Wazazi hawakuruhusiwa kukaribia. Huko watoto walilala chini, wagonjwa na wazima pamoja, na maji yao yaliletwa kutoka kwenye tangi lilelile. Mtu hahitaji mganga kumwambia kilichofuata. Walikufa mmoja mmoja, kisha wawili wawili. Chiriku alikufa katikati, si wa kwanza wala si wa mwisho. Cheti chake kilitoka siku ileile. Safi. Kimepigwa muhuri. Karani alikabidhiwa mezani kwake, kazini, wakati anakunja uzi mwekundu.

Tangu jioni hiyo alikaa mlangoni. Saa ya jua kugusa mapaa ilifika, lakini mapaa hayakuwepo tena; jua lilizama tu kwenye majivu. Alinusa. Alitega sikio. Hakuna aliyekuja. Mwanawe alikuwa na cheti, na mwenye cheti halali alilala kihalali.

Shangazi alimwambia ale, hakula. Alimwambia alale, hakulala.

"Hata akija na mchanga mikononi," alisema jioni moja, kwa sauti ya mtu anayepanga safari. "Mimi sina neno. Aje tu."

"Kaka, usiseme hivyo. Kaka, maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya yangu yatazoleka."

Alfajiri alikwenda ofisini. Alisimama mbele ya meza, safari hii kofia ikiwa kichwani.

"Ile mvua niliimwaga mimi," alisema. "Kwa kopo."

Bwana Hakuna aliacha kuandika. Rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi yote kwa pamoja. Alitazama dirishani, kwenye nyasi kavu, na kwa mara ya kwanza aliziona. Alitazama barua iliyokuwa nusu tayari kwenda makao makuu, na nishani ikiwa ndani yake. Mvua ya kopo! Mtaa mzima umeteketezwa kwa mvua ya kopo! Kisha akaichana barua, akavuta karatasi nyingine, akaongea huku anaandika, polepole, kana kwamba anamsomesha mtoto.

"Mvua hakuna. Homa hakuna. Nyumba za bondeni... moto wa jikoni."

"Na watoto wa kambini, bwana?"

Kalamu ilisita. Vyeti vya watoto vilikuwa pale mezani, rundo zima. Bwana Hakuna alivisukumia kwenye ndoo ya taka, akawasha kiberiti.

"Watoto wamerudishwa nyumbani kwao."

"Wote?"

"Wote."

Karani alikwenda kwenye ubao bila kuambiwa. Akashusha uzi wa bluu. Akashusha uzi mwekundu mpaka chini, mpaka ukalegea. Kisha akafukuzwa kazi, akaambiwa akisema neno atafungwa, akaambiwa ahame nyumba kesho. Aliitikia "ndiyo, bwana" kwa kila jambo. Alitoka anatabasamu, na Sepetu, aliyekutana naye njiani, alimpisha upande wa pili wa barabara.

Nyumbani alifagia. Alitandika kile kitanda. Alimwambia dada yake apike uji mwepesi, usio na sukari nyingi, mtoto hapendi. Shangazi alimtazama akapika, kwa sababu alihofia kukataa.

Jua lilishuka kwenye majivu.

Harufu ilikuja.

Udongo... Lakini haukuja ule mdogo, wa mtu mmoja. Ulikuja mzito, ukajaa chumba, ukaingia mpaka kwenye uji.

"Kaka," alinong'ona Shangazi.

Nyayo. Nyepesi, za miguu mitupu, juu ya changarawe ya serikali. Zikaja, zikaja... hazikwisha kuja. Zikazunguka nyumba upande wa dirisha. Zikazunguka upande wa jikoni. Kisha kwenye mlango kukagongwa, chini kabisa, usawa wa goti la mtu mzima.

Ko... ko... ko...

"Baba." Sauti ilikuwa yake, ile ya kuongea na sufuria. "Baba, tumeambiwa turudi nyumbani."

Karani alisimama. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni. "Mwanangu. Uko na nani?"

"Na wenzangu. Kwao hakupo. Wamezunguka, hawapaoni." Nje, vidole vingi vidogo vikaanza kukwaruza ubao wa mlango. Sssh... sssh... "Nimewaambia kwetu ni matofali. Fungua, baba. Wanasikia baridi."

Shangazi alimdaka mkono kwa mikono yake yote miwili. "Usifungue! Wifi peke yake alitaka kummaliza mtoto. Hawa wote je? Kaka, yule ni mwanao, sawa. Hao wengine ni nani wako?"

Karani aliutazama mlango, ulivyokuwa ukisukumwa taratibu, bila hasira.

"Hao wengine," alisema, "ni mimi niliyewachomea kwao."

Akamtoa dada yake mikono, kidole kimoja kimoja, akaondoa komeo.